Kufuli la Pete Nne

Juzi mwanangu alirudi kutoka Dar es Salaam na kufuli jipya la kufungia ghala la korosho. Si kufuli la kawaida, rafiki yangu. Ni zito, limejaa kiganja, na ufunguo wake sijawahi kuona mfano wake: ni kijiti kilichokatwa nusu, kama mwezi wa siku saba. "Mama, hili mwizi halifungui," aliniambia. "Ndani lina visahani vya chuma vimepangwa safu. Kimoja kikikataa, vyote vimekataa." Akanipa nilishike, maana ananijua. Nikalitia sikioni, nikazungusha ufunguo polepole, nikasikia visahani vikijipanga kimoja baada ya kingine. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Lindi, mwanamke mzee wa meno ya kuhesabika, lakini moyo ulikwishafika Somanga, nina umri wa miaka tisa hivi, na vidole vinanuka ukwaju.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akikusanya makufuli. Ndiye aliyenilea, kwa sababu mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka, na wengine walipobadilisha mikeka kwa chumvi au nguo, yeye mara nyingi alirudi kutoka kwa Mhindi wa dukani na kufuli lililopotelewa na ufunguo. "Makufuli yaliyokufa," Mhindi aliyaita, akicheka. Bibi hakucheka. Alilibeba kufuli kwenye upindo wa kanga kama mtu abebavyo yai.

Alikuwa nayo zaidi ya ishirini. Moja lilitoka Maskati, na tundu la ufunguo wake lilisokotwa ndani kama parafujo. Lingine lilikuwa la Kihindi, tundu lake limefichwa nyuma ya kifuniko kidogo ambacho hukioni mpaka ukibonyeze pembeni. Lilikuwepo hata la Kidachi, la Wajerumani, jembamba, bibi hakulipenda. "Hili halina siri," alisema. "Lina ukali tu." Siku za mvua, shamba likiwa halikanyagiki, aliyapanga yote kwenye mkeka, akayafungua kwa kijiwaya na sindano ya kushonea mikeka, akanionyesha kamani, kile chuma kinachosukuma, inavyokaa, na komeo linavyorudi nyuma likiguswa mahali pake. Kazi yangu mimi ilikuwa kuyasugua ya shaba kwa ukwaju na majivu, kisha kuyapaka mafuta ya ufuta. Mpaka leo nikisikia harufu ya ufuta unakaangwa, masikio yangu hutegea mlio wa kufuli.

Sikumwuliza kwa nini aliyapenda. Mtoto haulizi mambo hayo. Nilidhani kila bibi ana makufuli yake.

Lililotushinda lilikuwa moja, la shaba, refu kama kidole, halina tundu la ufunguo kabisa. Kiunoni lilivaa pete nne, na kila pete ilichorwa herufi za chuo cha Kurani: alifu, be, jimu, nuni na nyinginezo. Ukizipanga herufi zinavyotakiwa, linafunguka. Ukikosea moja, halifunguki. Mvuvi mmoja alilikuta mchangani, limeganda kwa chumvi. Bibi alililaza kwenye mafuta ya ufuta msimu mzima mpaka pete zikaanza kuzunguka. Yeye hakujua kusoma. Mimi nilikuwa nasoma chuoni, kwa hiyo nilizitaja herufi, yeye akasikiliza kwa vidole. Alilivuta kidogo, kidogo sana, huku akizungusha pete moja moja.

"Pole pole, mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo mabibi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Iko pete inayoshika kuliko wenzake. Hiyo ndiyo inayotaka kusema. Waache wengine, msikilize huyo."

Pete ya kwanza ilisema kwenye kafu. Ya pili ilisema kwenye re. Tulifurahi siku hiyo kama watu waliopata mgeni. Nililala nikiota mlango mrefu usio na nyumba, nami nazungusha herufi zake kwa mikono miwili.

Kisha pamba ikaingia. Naisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoiona mimi mtoto: kama mgeni mbaya aliyeingia kijijini. Watu waliitwa kulima shamba la akida, mtu wa serikali ya Mdachi, wakaacha mtama wao ukaliwa na nguruwe, na anayechelewa alipigwa kiboko. Mjomba wangu, mdogo wa marehemu mama, mtu wa utani na mbio nyingi, alirudi siku moja mgongo umevimba. Hakutania tena. Baada ya hapo akatoweka kwa siku kadhaa. Watu walinong'ona kwamba yuko vilimani, Umatumbi, kwamba kuna maji huko, na aliyeyanywa risasi za Mdachi zitamgeukia maji.

Aliporudi ilikuwa asubuhi. Moshi wa maduka yaliyochomwa na wapiganaji wa maji ulikuwa bado unanuka. Amefunga bua la mtama kichwani, alama ya wapiganaji hao, macho yake makubwa, mazuri, kama ya mtu aliyeamshwa kutoka ndoto tamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, magobore tunayo, baruti tunayo. Hatuna cha kutia ndani. Mhunzi anakatakata chochote: majembe, misumari, vikuku. Nimekuja kuomba makufuli."

Bibi akauliza, "Si mnasema risasi zao zitakuwa maji?"

"Zao, mama. Zetu lazima ziwe chuma."

"Kaa kivulini," akasema bibi. "Nipe nafasi niyafungue. Sitaki yavunjwe yakiwa yamefungwa."

Akatandika mkeka, akayapanga. Akaniita nimletee waya. Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Wakati bibi ameinama kuchukua sindano yake, nilichukua kufuli la pete nne, nikalitia ndani ya nguo yangu, kiunoni, likawa baridi tumboni kama samaki. Halafu nikakaa nikimwangalia anavyoyafungua mengine, moja baada ya moja, bila haraka, kila moja likitoa mlio wake ninaoujua. Lile la Kidachi tu halikufunguliwa. Alimkabidhi mjomba lilivyo.

Mjomba aliyafunga kwenye kipande cha jamvi, akanigusa kichwani, akaondoka mbio kama alivyokuwa akiondoka zamani kwenda kuogelea.

Askari walikuja. Tulikimbilia msituni, na tuliporudi nyumba yetu ilikuwa majivu, na mtama uliokuwa ghalani ulikuwa majivu pia. Njaa ilikuja taratibu kisha ikakaa. Tulichimba ming'oko, viazi vya porini, tukachemsha, tukala, tukaenda mbali zaidi kuchimba mingine. Kufuli nilikuwa nalo muda wote huo, nimelisokota kwenye kitambaa. Bibi hakuuliza ninachokibeba.

Siku moja akapita mtu wa Kinjumbi, amekonda, anachechemea. Alikuwa amepigana pamoja na mjomba. Bibi alimpa ming'oko yetu ya jioni, akala, ndipo akasema.

"Alianguka mbele yangu, mama. Hakuteseka. Tulipigana vizuri siku ile, Mungu ni shahidi. Risasi zilituishia tu."

Bibi alisema, "Inna lillahi." Mimi sikusikia kilichofuata. Nilisikia neno moja tu: zilituishia. Lilikaa nami usiku na mchana. Kwenye ming'oko lilikuwepo, kisimani lilikuwepo. Shaba ya kidole kizima! Mhunzi angepata vipande vingapi? Na kimoja kati ya hivyo, kimoja tu, pengine kingempata yule aliyempiga mjomba. Niliacha kula. Bibi alidhani ni homa, akanichemshia majani.

Mwisho nikalitoa, nikaliweka mapajani pake, nikalia mpaka nikakosa pumzi. "Bibi, nililiiba. Mjomba amekufa kwa sababu yangu."

Hakushtuka. Alilifunika kufuli kwa kiganja.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona?"

"Nilikuona ukilichukua. Mkeka ulibaki na pengo. Nikasogea nikakalia lile pengo ili mjomba wako asilione." Sauti yake ilikatika, nami nilikuwa sijawahi kuisikia ikikatika. "Mwanangu wa kumzaa alikuja kuniomba, nikakikalia alichokitaka. Wewe ni mtoto, ulipenda kitu ukakificha. Mimi nilikuwa na akili zangu zote. Usinibebee mzigo wangu, mke mwenzangu."

Tulilia wote wawili. Kisha, sijui ni nani aliyeanza, vidole vyake vikawa kwenye pete, nami natazama herufi. Siku zile hatukuwa na kazi nyingine ila kungoja mvua. Pete ya tatu ilisema kabla ya adhuhuri. Ya nne ilichukua siku mbili. Lilipofunguka halikupiga mlio wowote, lililegea tu. Nilisoma herufi zile nne kutoka kulia, nikarudia, nikazipindua. Hazikuwa neno. Hazikuwa jina la Mungu wala la mtu.

"Zinasemaje?" bibi aliuliza.

"Hazisemi kitu, bibi."

Akacheka, cheko lake la kwanza tangu mjomba aondoke, akafuta machozi. "Basi," akasema. "Alhamdulillahi."

Bibi alikufa nikiwa mwari, na kufuli nikalitumia kufungia kasha lake dogo la nguo, likaibwa pamoja na kasha lenyewe mwaka uliofuata. Wahindi wa zamani wa Somanga hawapo, chuo kilihama, na anayekumbuka mlio wa makufuli yale nimebaki mimi peke yangu.

Miaka mingi baadaye nilikwenda vilimani na wanawake wenzangu kununua ufuta. Nikauliza watu wa huko mahali wapiganaji walipopigana na Mdachi. Kijana mmoja akaninyooshea kidole: shamba, ufuta umechanua, nyuki wamejaa. Nilishuka nikatembea kati ya mistari nikitazama chini. Mahali fulani mle, ndani ya udongo, yalikuwa makufuli ya bibi yangu, yamekatwa vipande. Sikuokota kitu. Mwenye shamba akaniuliza nimepoteza nini, nikamwambia nimepotelewa na mjomba. Akaliweka jembe lake chini, akasimama pamoja nami.