Alijibu sahihi, bado akavunjwa vidole

Admin, jina langu naomba ubaki nalo wewe. Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Maisaka hapa Babati, fundi cherehani. Mume wangu anafanya kazi ofisi moja mjini. Tuna mtoto mmoja wa kike, ana miaka kumi, nimuite Nuru. Na wale wa "vumilia dada, ndoa ndivyo zilivyo", leo piteni kimya kimya, nina hasira.

Nuru ana pumu. Shuleni alikuwa akirudishwa nyumbani kila mara anahema kwa shida, mpaka baba yake mwenyewe akasema, "Mama Nuru, wewe unashinda nyumbani, mfundishe hapo hapo mpaka apate nguvu." Nikakubali. Huku nakanyaga cherehani, huku nasomesha. Kwa kuwa nashona sare za kwaya ya kanisani, mwalimu wa kwaya akatuachia kinanda cha zamani nyumbani, na Jumamosi Nuru anaenda mazoezini. Jamani, huyo mtoto anapiga mpaka wazee wanafuta machozi.

Hesabu ndiyo ilikuwa inamshinda. Tukatafuta njia yetu: kila namba akaipa sauti yake, akiulizwa anazipiga mezani kwa vidole kama yuko kwenye kinanda, jibu linatoka lenyewe. Baba yake hakuijua hiyo njia. Angeijulia wapi, na daftari la mtoto hajawahi kulifungua?

Jumapili moja baada ya ibada alikuja mfanyakazi mwenzake kula chakula. Akamtania, "Kumbe mpiga kinanda ni wako! Naye shule amestaafu?" Wakacheka. Mume wangu alicheka pia, lakini mimi namjua, kile hakikuwa kicheko. Mgeni alipoondoka tu akaita, "Nuru! Njoo hapa. Saba mara nane?"

Mtoto akaweka vidole mezani, vikaanza kukimbia.

"Nakuuliza, unanipigia kinanda?"

Akachukua mita yangu ya mbao ya kupimia vitambaa, akaubana mkono wa mtoto mezani, akapiga. Nuru akalia, "Hamsini na sita, baba!" Akapiga tena. "Hamsini na sita! Hamsini na sita!" Mtoto anatoa jibu sahihi na baba anapiga. Nilisikia mfupa kwa masikio yangu.

Nikaruka katikati. Akanikaba shingo, akanigongesha ukutani mpaka nikaona giza, huku anasema nimemharibia mtoto. Nilikuwa napiga pasi sare, pasi ya mkaa ilikuwa mezani pembeni yangu. Sikufikiri. Nilimpiga nayo begani, ikafunguka, makaa yakammwagikia mgongoni. Alipiga yowe akaniachia. Nikambeba mtoto mgongoni, nikasimamisha bajaji.

Hospitali wakakuta vidole viwili vimevunjika, wakamfunga plasta ngumu ya POP. Nesi akauliza imekuwaje. Kabla sijafungua mdomo, Nuru akasema, "Mlango ulinibana, dada." Hakuna aliyemfundisha uongo huo. Nesi akaniangalia shingoni, akasema, "Mama, siku ya kumfungua mkono njoo naye, baba asije. Nataka tuongee."

Siku hiyo ni kesho.

Mume sasa amekuwa mpole wa ajabu. Analala kifudifudi, anaomba msamaha, anasema atamnunulia mtoto kinanda kipya. Lakini nilipomwambia kwamba nesi anataka kuongea na mimi, upole wote uliisha. Akasema, "Sema. Ukifungua mdomo, na mimi navua shati mbele ya polisi. Tufungwe wote, Nuru akalelewe na dada yangu kule Singe." Huyo dada mtu ndiye anayesema mtoto alideka, kipigo kilichelewa. Nilipoenda kwa mchungaji akaniambia, "Mama Nuru, wote mmekosa, sameheaneni." Eti wote! Mimi nilikuwa nakufa pale ukutani.

Nikisema ukweli, naogopa kumkosa mwanangu, aende kwa huyo shangazi. Nikinyamaza, tunarudi meza ile ile, na mita ile ile bado iko ndani, kwa sababu ndiyo ninayofanyia kazi.

Jana nilikuwa namalizia sare, Nuru amekaa karibu na mimi. Nikasema nimchangamshe kidogo. Nikamuuliza, "Mama, saba mara nane?" Aliutazama mlango kwanza. Halafu ule mkono wake mzima akaukalia, akasema, "Sijui, mama."

Anajua. Nyie wote mnaosoma hapa mnajua kwamba anajua. Nishaurini ndugu zangu, kesho asubuhi nesi akiniuliza, nimjibu nini?