Hotuba Iliyofumuliwa

Fundi alipojiandikisha darasa la jioni, mumewe alimtania: "Mama watoto, sasa utatushonea au utatuhutubia?" Alitaka tu kumaliza shule aliyoikatisha alipopata mimba ya kwanza, basi.

Wakapewa kusoma tamthilia ya zamani, tanzia. Ndani yake waziri anasimama mbele ya umati kumzungumzia malkia. Hamtukani hata mara moja. Anasema anampenda, anafuta machozi, anauliza maswali mawili matatu, na umati unamfukuza malkia asiye na kosa. Fundi alilia mpaka kamasi zikamtoka, kisha akaandika kwamba waziri yule ni mtu wa huruma sana.

Mwalimu, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, hakumcheka.

"Ukitaka kujua gauni limeshonwaje, unafanyaje?"

"Nalifumua, Mwalimu."

"Haya, fumua na hili."

Wakaifumua hotuba sentensi kwa sentensi. Anasema hamlaumu mtu, mbona kamtaja? Swali hili, nani angethubutu kulijibu hapana? Na machozi, yamekuja wakati gani? Fundi akashika kichwa. "Kumbe jamaa kanichezea shere!"

Mwezi huohuo mtu aliacha pasi ikiwaka katika chumba cha ushirika wao wa mafundi, ikaunguza jora zima la kitambaa cha sare za shule. Aliyeiacha hakujulikana. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akasimama mkono kifuani.

"Jamani, mimi simnyooshei mtu kidole. Mama Vifungo nampenda kama mama yangu mzazi. Umri umekwenda, macho yamechoka, si kosa lake. Ila nawauliza, nani hapa anataka watoto wake wakose ada?" Sauti ikamkatika. "Wanaokubali tumpumzishe, mikono juu."

Mama Vifungo, ajuza aliyewafundisha nusu yao kushika sindano, aliinamisha kichwa. Nje ya kazi ile hakuwa na pa kupata mlo. Mikono ikaanza kupanda.

"Samahani, Mwenyekiti," Fundi akasema. "Nani alimwona na pasi?"

"Si suala la kuona, dada yangu."

"Basi ni la nini? Ada sote tunaitaka. Nauliza habari ya pasi."

Mshona suruali akashusha mkono, wa mapazia naye akashusha, na wengine wakafuata huku wakikohoa kohoa. Mwenyekiti akarukia ajenda nyingine kana kwamba hakuna lililotokea, na Mama Vifungo akabaki kwenye kiti chake.

Jioni ile Fundi aliwahi darasani kabla ya wenzake, akamshika Mwalimu mikono yote miwili, akamsimulia mkutano mzima.

"Hongera!" Mwalimu akacheka kwa furaha. "Umewafumbua macho wenzako."

"Wenzangu wapi, Mwalimu! Asante, Mungu akuzidishie." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Nilipouliza lile swali, mkono wangu mwenyewe ulikuwa juu tayari."