Aliyeniita Mara Moja Kule Burgos

Alhamisi moja moja, jikoni kwa shule ninayofundisha hapa Spånga hukaangwa mkate wa damu, ule ambao Waswidi huuita blodpudding, na harufu yake hupanda ngazi hadi darasani kabla ya kengele ya chakula. Ni harufu nzito ya siagi, viungo, na kitu kama chuma kilicholowa. Watoto hufurahi kwa sababu huliwa na jemu nyekundu. Mimi hufungua dirisha, hata kama theluji inaanguka, nikasimama pale kidogo. Wenzangu wanadhani sipendi chakula hicho, kumbe nakipenda sana. Tatizo ni mahali kinaponipeleka, na leo naomba tuende pamoja, maana nimechoka kwenda peke yangu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Fittja, pembezoni mwa Stockholm, ghorofa ya sita, watu watatu: Mama, mimi, na Koko. Koko ndivyo tunavyomwita bibi sisi watu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na huyu alikuwa mama yake Mama, aliyeletwa Uswidi wakati mimi bado natambaa. Alikuwa mfupi, mnene, na maneno hayakumwishia. Katika usichana wake alifundishwa kushona na sista mmoja Mhispania, mzaliwa wa Burgos, mji wa kale kaskazini mwa Uhispania. Sista huyo, kila alipokumbuka kwao, aliwasimulia wasichana habari za kanisa kuu la mji ule, na vyakula vyake, na sanamu ya mtu iliyowekwa juu ukutani ambayo hufungua kinywa kila saa inapogonga. Koko aliitunza hadithi hiyo miaka hamsini. Mama alikuwa akihudumia wazee, na mwenzake mmoja kazini alikuwa na dada mwenye nyumba Burgos, isiyokaliwa wiki za Aprili. Alipotuazima ufunguo, Koko alianza kufunga mizigo siku hiyohiyo, ingawa safari ilikuwa bado mwezi mzima.

Kabla hatujafika huko, lazima niwaambie nililelewaje. Koko alinifundisha kwamba ukiitwa jina lako mara moja, na humwoni anayekuita, unyamaze. Mwenye mwili ataita tena. Wafu, alisema, huita mara moja tu, tena kwa sauti ya mtu unayempenda, na ukiitika umekubali kufuatana nao. Ndiyo maana nyumbani kwetu kila mtu aliitwa mara mbili, hata kwa chai. Mimi nikazidisha. Nilipoanza shule, mwalimu alisoma majina kwenye orodha, akaniita mara moja, nikakaa kimya nikingoja ya pili, naye akaandika kwamba sipo wakati nimeketi mbele yake. Walipompigia Mama simu, Koko alicheka hadi akashika mbavu. Akaniambia yule mwalimu ninamwona na miguu anayo, basi nimwitike.

Burgos kulikuwa na baridi kuliko tulivyotarajia, Mama akalalamika kwamba amelipa nauli kufuata upepo wa Stockholm. Siku ya pili, yapata saa tano asubuhi, tukaingia mkahawa mdogo karibu na kanisa kuu. Mama hakujua Kihispania, akaonyesha kwa kidole kwenye kioo. Tukaletewa jibini jeupe lenye asali, halafu sahani ya vipande vyeusi vya soseji, vimekaangwa hadi vikakauka ukingoni, ndani vina wali na vitunguu. Niliweka kimoja mdomoni, nikajua papo hapo. Ilikuwa damu. Kanisa letu la Fittja lilikataza kabisa kula damu, na mimi nilikuwa naila shuleni kwa siri tangu darasa la kwanza. Nikisema ni damu, nitaulizwa nimejuaje. Nikachukua kipande kingine. Koko alikula vinne, akaramba kidole, akasema hawa watu wali wanauweza.

Tukaingia kanisani zikiwa zimebaki dakika chache kufika saa sita. Kulikuwa na harufu ya nta na ya mawe yasiyoguswa na jua. Hatua zetu zilituacha, zikaenda mbali, zikarudi zikiwa nyingi kuliko sisi. Karibu na mlango, upande mmoja, palikuwa na kikanisa kidogo kilichozungushiwa vyuma, na katikati yake kasisi wa mawe amelala chali juu ya kaburi lake, kichwa kwenye mto wa mawe. Mto umebonyea. Nakumbuka nilitaka kuugusa ili nijue kama ni laini, nikaogopa. Koko akasema kichwa chake kimekuwa kizito, apumzike kidogo kwenye benchi la humo ndani, na kengele ikianza atatufuata. Nilipogeuka kumtazama, shali yake ya kijivu na kanzu ya yule kasisi vilikuwa rangi moja, na kwa muda mfupi sikujua nani ni nani.

Ile sanamu ya kinywa, tuliyoiendea mimi na Mama, iko juu sana. Ina koti jekundu, ndevu zilizochongoka, na macho ya mtu anayekufahamu. Wenyeji wanaiita kwa jina la mla nzi. Watu kama thelathini walikuwa wamesimama chini yake wakicheka na kuelekeza kamera. Koko alikuwa ameniambia tutahesabu sita, kwa kuwa ni saa sita, nami nilijua saa za Wazungu zitagonga kumi na mbili, nikajiandaa kumtania. Kengele ikalia. Mkono wa sanamu ukavuta kamba, kinywa kikafunguka, cheusi ndani, kikafungwa. Watu wakacheka. Ya pili, ya tatu. Sijui ni kwa nini mimi kicheko kiliniishia. Kila kinywa kilipofunguka nilihisi kuna neno ambalo halijatoka bado.

Baada ya mlio wa saba, nikaitwa.

"Mapendo."

Ilikuwa sauti ya Koko, lakini imeshuka, imelegea, na ukubwa wa lile jengo uliileta kutoka kila upande. Niligeuka. Niliona nguzo, nikaona vyuma vya kile kikanisa, na nyuma yake giza. Hapakuwa na mtu. Nikainua macho, na kinywa cha sanamu kilikuwa wazi, kimenielekea. Nikabana midomo. Nikangoja ya pili. Kengele ikaendelea hadi kumi na mbili, kinywa kikafungwa, watu wakatawanyika, na hakuna aliyeniita tena.

Niwaambie ukweli, nilijivuna. Nilijivuna kwamba mauti yameniita na mimi, mtoto wa Fittja, nimeyashinda kwa kukaa kimya. Nikashika koti la Mama. Mama akasema Koko atakuwa amesinzia, tumwache, tukaone kwanza ngazi moja yenye dhahabu. Tukaiona. Tukaona na vioo vya rangi, na makaburi mengine ya watu waliolala. Ilipita nusu saa, nami muda wote sikumwambia Mama neno.

Tulimkuta sakafuni, kati ya benchi na kaburi, mgongo ameuegemeza kwenye mawe. Macho yalikuwa wazi. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umevutwa chini. Mama alipiga magoti akamshika uso, watu wakaja mbio, na katika vurugu ile Mama aliniangalia.

"Ulimusikia Koko akiita?"

Nikamjibu kwa Kiswidi, kama tulivyofanya watoto wote wa mtaa wetu tulipotaka kujificha. "Nej," nikasema. Hapana.

Hospitalini daktari alizungumza na Mama kwa Kiingereza, akidhani mimi sielewi. Alisema ni kiharusi, na kwamba angefikishwa nusu saa mapema huenda mkono wa kulia ungepona. Nililia hadi nikatapika. Ilibidi nikiri kitu, nikakiri kile kidogo: nikamwambia Mama kwamba ile soseji ilikuwa damu, na kwamba nilijua, na Mungu ametuadhibu. Mama akacheka huku machozi yanamtoka. Kumbe Koko alijua. Ni yeye aliyemnong'oneza Mama aagize, kwa sababu sista alikuwa amemsimulia utamu wake, na wala hakutaka mimi nijue kwamba bibi yangu anavunja sheria.

Siku ya tatu ulimi wake ulianza kurudi. Mama alinisogeza karibu na kitanda, akamwuliza mbele yangu kama siku ile alimwita mtu yeyote. Koko alinitazama.

"Hapana," akasema polepole. "Miye sikuita mutu."

Hebu fikirini nilivyolipokea jibu hilo. Kama Koko hakuita, basi nilikuwa sahihi. Kuna kitu kilichovaa sauti yake kikalitaja jina langu, na jina hilo sasa kinalo. Tuliporudi Fittja sikuweza kupita mbele ya kitu chochote chenye kinywa wazi. Kitundu cha barua kwenye mlango wetu nilikiziba kwa utepe wa gundi, mgawa barua akatuandikia barua ya kutusuta, na hata hiyo akashindwa kuiingiza. Kwenye chumba cha kufulia, chini ya jengo, mashine zikinyamaza nilikuwa nasikia jina langu mara moja, mchana kweupe, nami nabana midomo nikiwa na nguo mbichi mikononi. Nilikua hivyo. Nilimlisha Koko kwa kijiko, nikamchana nywele, nikaufunika mkono wake uliokufa, na kamwe sikumwuliza.

Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Matanga yalipokwisha, Mama na mimi tulikaa sakafuni tukikunja vitenge vyake, nikamsimulia kwa mara ya kwanza habari za sanamu. Nilidhani atanicheka. Aliacha kukunja.

Akaniambia kwamba Koko alizungumza siku moja kabla ya vile nijuavyo, mimi nikiwa nimelala kwenye kiti cha korido. Maneno yalikuwa machache, na Mama aliyakumbuka yote.

"Nilimuita. Akageuka, akaniangalia. Kisha akatii vile nilimufundisha. Usimuambie, ataibeba."

Halafu akamtuma Mama amwulize tena, mbele yangu, ili nisikie akikana.

Sikuwakasirikia, na sijawakasirikia hadi leo. Walitaka kuniondolea mzigo, hawakujua nilichokiokota mahali pake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia, na aliyevunjika ni mkuu. Ninaumia, tena sana, hasa sasa nikiwa mtu mzima niliyemwona mgonjwa wa kiharusi akihangaika kutamka neno moja, na najua neno moja linavyomgharimu. Hakuwa na pumzi ya kuita mara ya pili. Na alijua, kuliko mtu yeyote duniani, kwamba kwa moja sitaitika, lakini akaita.

Miaka kumi na mmoja nilimwogopa yule aliyeniita. Alikuwa Koko, hai, nyuma ya vile vyuma, ananitazama, anangoja niitike.