Habari Njema Aliyoikataa Winchi

Kaka yangu alikuwa mpagazi katika duka la vifaa vya ujenzi, na mtaa mzima ulimwita Winchi. Mfuko wa saruji aliubeba kama wengine tunavyobeba mto wa kulalia, na akipanda nao ngazi alibaki na pumzi ya kututania sisi tuliopanda mikono mitupu. Kuumwa aliona ni kazi ya watu wenye nafasi. Mimi mdogo wake nilimkumbusha kwamba hata winchi husimamishwa ipakwe mafuta, naye akanijibu kwamba yeye anatumia soda. Na kweli alikunywa soda kutwa, kiu haimwishi, nasi tukasema ni vumbi la saruji.

Korona ilipoingia kwetu ilianza na mama. Mama ni mtu mzima, tena ana pumu iliyomzoea kuliko sisi wanawe. Alikohoa asubuhi, mchana nikawa nimeshamfikisha hospitali. Winchi naye akakohoa, akasema ni mafua tu, akaendelea kubeba saruji huku anatetemeka. Nilimwambia usoni kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akacheka mpaka pumzi zikamkatika. Alipokuja kulazwa, sentensi moja hawezi kuimaliza.

Sote tulimlilia mama. Mama mdogo, yaani mdogo wake, alishaanza kuulizia bei ya kukodi viti vya msiba. Kumbe! Mama akaruhusiwa, akaingia nyumbani kwa miguu yake, akalalamika kwamba hapajafagiliwa. Aliyebaki kitandani na mpira wa hewa puani ni Winchi.

Nilimwuliza daktari, tena kwa ukali, inakuwaje mama mzee mwenye pumu atoke kabla ya mwanamume mbeba saruji. Akanieleza taratibu kwamba umri huchelewesha mtu kupona, ni kweli, ila yapo na mengine. Mama aliletwa mapema. Kaka aliletwa mapafu yameshaumia. Halafu kaka ana kisukari, tena cha siku nyingi, na sukari ikiwa juu mwili hupona kwa kusuasua. Kisukari? Winchi? Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi ndio tuliokuwa tunamnunulia soda.

Sukari wakaishusha kwa sindano, lakini nafuu haikuja. Wageni hawakuruhusiwa wodini, hivyo tegemeo langu lilikuwa nesi mmoja aliyekuwa akinipigia simu. Siku moja akaniambia jambo lililonikata maini. Kaka yangu hali chakula. Hataki kulala kifudifudi kama alivyoelekezwa. Akiambiwa mama yake amepona, anageukia ukutani. Na alikuwa ameuliza swali moja tu: "Mama amezikwa na nani?"

Nilielewa papo hapo. Kwetu mgonjwa haambiwi msiba. Babu alipofariki bibi akiwa amelazwa, ni Winchi huyuhuyu aliyekwenda kila jioni kumwambia, uso mkavu, kwamba babu anaendelea vizuri na anamsalimu. Bibi aliamini mpaka siku aliyotoka. Sasa tukimwambia mama ni mzima, yuko nyumbani, anafagia, alikuwa akisikia uongo wake mwenyewe. Kadiri tulivyomhakikishia ndivyo tulivyozidi kumzika mama.

Tukampigia kwenye simu yake ndogo ya vitufe, mama akazungumza naye. Bahati mbaya ugonjwa ulikuwa umemwachia sauti ya kukwaruza. Winchi akasikiliza, akasema, "Asante mama mdogo, umejitahidi," akakata. Nilitamani kuibamiza simu ukutani.

Nesi, Mungu ambariki, akatoa simu yake ya kisasa, ya kuonana uso kwa uso. Nikaazima ya jirani, nikamkalisha mama dirishani penye mwanga. Niliwaza kwamba kaka akimwona tu, yameisha. Sikuwaza kwamba na mama atamwona yeye.

Kwenye kioo akatokea mtu. Mashavu yametumbukia, shingo imesinyaa, yale mabega hayapo. Hata mimi nilimtambua kwa shida. Mama akamtazama, akanitazama mimi, kisha akaisukuma simu kando.

"Huyu siye," akasema. "Mnanionyesha mtoto wa watu. Mwanangu mmemzika wapi?"

Hakulia. Alisimama, kifua kinambana, akaanza kutafuta viatu vyake ili akamtafute mwenyewe. Nilimshika mkono, nikamwapia. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mwongo, nami sikuwa na neno lolote ambalo kwetu halijawahi kutumika kudanganya.

Ndipo ikasikika sauti kutoka kwenye simu, nyembamba, inatweta. Kaka yangu alikuwa ameusogeza uso mpaka ule mpira wa hewa ukajaa kioo kizima. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Hakusema nami, wala na mama.

"Nesi," akasema, "lete kile chakula. Nile, mama anijue."