Redio ya Taa na Waombolezaji Wenye Haraka

Habari za kifo chake nilizipata sokoni Ifakara, nikiwa nimeinamia sinia la perege, na mama aliyenipa habari hizo hakuacha hata kupara magamba. "Mwandishi, yule mzee wako wa maredio amefariki. Wamemkuta asubuhi kwenye kiti, mbele ya meza yake." Kisha akaniuliza kama nachukua wawili au watatu. Nikachukua watatu. Sisemi hivi ili nionekane nina roho ngumu. Nasema kwa sababu tangu siku ile nimewasikia watu wa mji huu wakidai kuwa habari zile ziliwakata maini, wengine eti walishindwa kula siku mbili. Nawafahamu mmoja mmoja, na najua walikula. Ukitaka kusifiwa, kufa. Wale waliokuwa wakipita nje ya dirisha lake wakizungusha kidole sikioni kuonyesha kuwa mzee kichwa kimelegea, leo ndio wanaosema mji umepoteza hazina.

Kwa msomaji ambaye hakuwahi kufika nyumbani kwake Kibaoni, huyu alikuwa fundi wa simu za reli, aliyefanya kazi upande wa Chita mpaka alipostaafu. Baada ya hapo aliigeuza sebule yake kuwa karakana ya kutengeneza redio za taa. Nazungumzia zile redio kubwa za kasha la mbao walizokuwa nazo baba zetu, ambazo ndani yake zina taa za kioo, na ukiziwasha hukaa kimya kwanza mpaka taa zipate moto ndipo ziseme. Nyingine hakuzitaka. Vijana waliomletea hizi za plastiki wanazobeba begani aliwarudishia mlangoni. "Peleka kwa muuza karanga, akupimie humo," alimwambia mmoja mbele yangu. Hakuwa mtu wa kupendeza. Mgeni alisimama mpaka achoke, kwa kuwa kila kiti kilikuwa na redio juu yake, na ukimwuliza kazi yako itakwisha lini alikutazama kana kwamba umemwomba mkewe. Mimi sikumpenda, na sitaanza kumpenda leo kwa kuwa hawezi tena kunijibu.

Mara ya kwanza nilikwenda kwake kutafuta cha kuchekea. Safu hii ya gazeti ilikuwa imekauka, nami nikaandika juu ya mzee anayefufua maiti za mbao, nikambatiza jina la mganga wa makopo. Mji ukacheka. Niliambiwa vilabuni waliisoma kwa sauti. Wiki iliyofuata nikarudi nikitarajia matusi, na kusema kweli niliyatamani, maana yangenipa safu nyingine. Gazeti lilikuwa mezani, bisibisi juu yake.

"Umeandika nilishika waya mwekundu," alisema bila kuinua macho. "Ulikuwa wa kahawia."

"Hayo tu, mzee?"

"Mengine ni maoni yako. Waya si maoni."

Nilichukia sana. Nadhani ni chuki hiyo iliyonifanya niwe narudi kila Jumamosi, nikingoja siku nitakayomkamata akikosea. Sikumkamata. Badala yake nilijifunza habari ya ubao. Redio iliyokaa miaka kumi bila umeme, alinieleza, haichomekwi ukutani kama pasi. Ndani yake mna vikopo vidogo vinavyoitwa kapasita, vya kuhifadhi umeme, na vikikaa muda mrefu bila kazi hulegea. Ukivipa nguvu zote kwa mkupuo vinapasuka na kuunguza na vingine. Kwa hiyo alikuwa na ubao wenye soketi na balbu moja, na umeme wa kwenda kwenye redio ulipita kwanza katika balbu hiyo, ikaupunguza makali. Alianza na balbu ya wati ishirini na tano, siku nyingine arobaini, kisha sitini, mwisho mia. Hapo ndipo redio ilipokuwa tayari kuchomekwa ukutani. Kazi hiyo aliiita kuamsha.

"Siku zote hizo kwa ajili ya redio?" nilimwuliza.

"Mtu aliyeshinda njaa wiki nzima utampa ugali na nyama?"

"Hapana. Uji."

"Basi kaa kimya."

Masika ya mwaka jana alikuja mama mmoja mtu mzima, redio imefungwa kwa khanga kwenye baiskeli ya mwanawe wa kwanza. Mumewe alikuwa mfanyakazi kwenye mashamba ya miwa, na katika nyumba za wafanyakazi kulikuwa na umeme, ndiko walikoinunua na kuisikiliza. Alipostaafu wakahamia Kisawasawa, ambako umeme haukuwapo, na redio ikawekwa ghalani pamoja na mpunga. Mumewe akafia huko. Mama akaletwa Kibaoni kwa mwanawe, mwenye umeme na mwenye baa. Mwana naye aliitaka ile redio, ila alitaka kasha tu. Angetoa taa na mashine zote za ndani, aweke redio ya kaseti, aipambe kaunta yake. "Mbao kama hii haipatikani tena," alituambia, akiigonga kwa vidole. Mama alikataa, wakabishana, mwisho wakapatana mbele ya fundi. Ikisema kabla mpunga wa msimu ule haujaisha kuingia ndani, ni ya mama na hakuna wa kuigusa. Isiposema, kasha ni la mwana.

Nilimwamkia mama, nikamwuliza kwa nini ahangaike, wakati kwa mwanawe redio zimejaa. "Marahaba, baba," alisema. "Hizi za wanangu ukigusa tu zinaropoka. Ya baba yao ilikuwa inajikohoza kwanza, kama yeye mwenyewe. Pale kwa mwanangu nakula vizuri, nalala vizuri, lakini ni kwa mwanangu. Nikiisikia ile, nitajua niko kwangu." Fundi, ambaye sikuwahi kumwona akimpisha mtu, aliondoa redio moja kitini akamkalisha.

Ndani ya kasha lile alikuta kiota cha panya, pumba za mpunga na mende waliokauka. Alilisafisha kwa brashi ya kupakia rangi ya viatu. Kifundo kimoja cha kuzungushia kilikuwa kimepotea, akachonga kingine kwa mninga. Nyaya zilizotafunwa na panya alizibadilisha mmoja baada ya mwingine, na nilipothubutu kumwambia kuwa watu wa mashambani wameshaanza kuvuna alinijibu kuwa yeye havuni. Jumamosi yangu ya mwisho kwake niliikuta redio ya mama iko kwenye ubao, balbu ya sitini, inanguruma kwa chini kabisa. "Imebaki ya mia tu," alisema. "Mwambie mama aje Jumamosi ijayo." Nikamwambia mama. Fundi akafa katikati ya wiki.

Sasa niwaeleze waombolezaji. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikuwa bwana mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mtu wa kaunda suti na sauti ya kuamuru. Redio ya marehemu baba yake ameitoa matumbo zamani, na kasha lake nimeliona kwa macho yangu uani kwake, kuku anaatamia humo. Ndiye aliyesimama kutuhutubia juu ya kuenzi vya kale. Wala hayuko peke yake. Huu ni mji ambao miaka hii kila kitu kinaletwa kutoka Dar es Salaam kikiwa kipya, kinakufa baada ya miezi mitatu, tunakitupa shimoni, tunaagiza kingine, na tunayaita hayo maendeleo. Fundi wa siku tatu tunamwita mvivu, wa dakika tano tunamwita mtaalamu, hata akiturudishia kitu kibovu kuliko tulivyompelekea. Methali ya haraka na baraka tunainunua kwenye khanga, halafu tunapigana vikumbo dukani kuinunua.

Siku ya kumaliza matanga mama yule alikuja, Jumamosi kama alivyoagizwa. Mwanawe alikuwa naye, na mpunga wa mwisho, alinong'ona mama, ungeingia kesho yake. Mimi niliwekwa mbele pamoja na wakubwa, sahani ya pilau mapajani. Ilipokaribia saa saba mchana mwenyekiti akapata wazo. "Ndugu zangu, njia bora ya kumuenzi mzee wetu ni kusikiliza taarifa ya habari kupitia redio aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Akaingia sebuleni, milango ikiwa wazi sote tunaona, akashika ile redio ya mama, akaona ubao.

"Hili liubao la nini tena?"

"Labda ndiyo ilivyo, mwenyekiti," alisema mtu mmoja.

"Mimi nina mashine ya kukoboa. Umeme naujua."

Akachomoa plagi kwenye ubao, akautupa ubao chini ya meza. Nilimwona. Nilijua kilichobaki na nilijua kwa nini kilibaki. Lakini dakika chache kabla mwenyekiti alikuwa amenitambulisha kuwa mwandishi wetu mashuhuri, na baada ya taarifa ya habari ilikuwa zamu yangu kuzungumza. Ningepiga kelele juu ya balbu ya wati mia mbele ya watu ambao niliwachekesha kwa kumwita yule yule marehemu mganga wa makopo? Nikamega pilau.

Akachomeka ukutani. Taa za ndani zikaanza kuwaka, na mngurumo ukaja, taratibu, kisha ukakaza. Mama alisimama. "Anajikohoza," alisema, akamshika mwanawe mkono. Mwana naye alitabasamu, nitamtendea haki, alitabasamu kweli. Kisha kitu kikapasuka ndani kama bunduki ya kufukuzia ndege, moshi ukatoka kwenye kitambaa cha spika, na harufu ya transfoma kuungua ikajaa sebule. Mwenyekiti alichomoa waya akiruka nyuma. "Mnaona," alisema, alipopata pumzi, "hivi vitu vya zamani vimeshachoka." Watu wakaitikia kwa vichwa. Hakukuwa na mtu mwingine bonde zima la Kilombero ambaye angeweza kuifungua ile redio na kujua aanzie wapi, maana aliyejua tulikuwa tumekwisha kumzika.

Mwana alisubiri ipoe. Akaifunga kwa khanga ya mamaye, kwa uangalifu, akaiweka kwenye baiskeli. "Mama, imekataa," alimwambia, na mama hakubisha. Mapatano ni mapatano. Nimepita mbele ya baa ile tangu hapo. Kasha liko kaunta, limepigwa vanishi, na linaropoka tangu asubuhi.

Mama alinifuata nilipokuwa natafuta viatu vyangu mlangoni. "Baba, wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye. Kuiweka vile ukutani, ilikuwa sawasawa?"

"Sijui, mama. Hayo mambo ya ufundi," nilisema.

Akanishukuru kwa kumfikishia ujumbe wa fundi, akaondoka.

Kwa miaka mingi nimeandika safu hii nikiamini kuwa kazi yangu ni kuwadharau wajinga kwa Kiswahili safi, na kazi hiyo nimeifanya kwa bidii, hata leo kama mlivyosoma. Mwenye mashine ya kukoboa ni mjinga, sitalifuta neno hilo. Lakini hakujua alichokuwa akifanya, na asiyejua ana pa kujificha. Mimi nilijua. Nilinyamaza nikilinda heshima yangu mbele ya watu ambao mimi mwenyewe siwaheshimu, na aliyelipia heshima hiyo ni mama mmoja ambaye sasa hana tena kwake. Msomaji, ukijua, sema, hata kama utachekwa na mji mzima. Ubingwa wangu wa maneno haukumsaidia kitu mama yule siku ile. Alihitaji mtu mmoja tu wa kusema "subirini", na neno hilo nilikuwa nalo.