Mtoto Aliyeandikwa "Mengineyo"

Juzi, nikiwa na mwanangu kwenye foleni katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, mama kutoka Kondoa alikuja kumwandikisha binti yake mwenye ugonjwa wa Down.

"Shikamoo," binti akasema.

"Marahaba, mrembo," karani akaitikia, akamfuta mate kwa leso yake mwenyewe. Kisha kwenye fomu akaandika: "Mengineyo."

"Mwanangu, andika ugonjwa wenyewe," mama akamsihi karani. "Moyo unamsumbua, na daktari anasema utafiti wa watoto hawa bado ni mdogo."

"Fomu haina nafasi hiyo, mama. Na serikali haiwezi kugharamia utafiti bila kujua idadi yao."

"Idadi mtaipata wapi?"

Karani akainama. "Kwenye hizi fomu."

Nilimpakata mwanangu. Serikali inasubiri kuwahesabu watoto ambao haijataka kuwaandika.