Siki ya Modena

Rahila hakuwa mtu wa kuamini haraka. Alilelewa Ng'ambo, Unguja, na mama aliyeuza achari, akahamia Maskati na wazee wake akiwa msichana. Watu wa mtaa wake wa Ansab walimjua kwa upishi wake na kwa pua yake. Samaki wa jana hakumpita, hata aogeshwe ndimu. Mgeni akijifukiza udi kuficha sigara, yeye alitabasamu tu akaendelea kumimina kahawa.

Mumewe, Sleyum, alikuwa fundi wa pampu za maji serikalini. Mwaka 1992 alipelekwa Italia, mji wa Modena, kusomea mitambo, akafikia nyumbani kwa mjane aitwaye Ermelinda. Rahila alibaki na mimba. Binti yao Taghreed akazaliwa baba hayupo. Sleyum aliporudi alisimulia mnara mweupe wa kanisa, na jibini kubwa kama gurudumu la gari. Habari za mwenye nyumba alizipita juu juu, kama mtu anayeruka dimbwi.

Hapo shaka ikaingia. Kila mwaka, zabibu zikiiva huko Ulaya, Sleyum alikuwa na safari ya Hamriya, mtaa mwingine wa Maskati, isiyo na maelezo. Siku moja Sayyida, shoga yake Rahila, akamwambia, "Mwenzangu, nimemwona mumeo kwenye kibanda cha simu Hamriya, anacheka kwa lugha nisiyoijua. Nimemsikia anamtaja Taghreed."

Nyumbani simu ipo; kwa nini mtu akapige njiani? Rahila akanusa kanzu, akapekua mifuko, asipate kitu. Mwisho akajijibu mwenyewe: ana mke huko, na ana mtoto, na mtoto huyo kampa jina la binti yangu. Akaishi na jibu hilo miaka, analipikia, analifulia, hasemi.

Mwaka 2004, wakiwa kwenye chakula cha mchana, Sleyum akasafisha koo. "Mama Taghreed, nnataka kwenda Modena wiki moja. Kuna kitu chetu kule."

"Chetu mimi na wewe, au chenu wewe na yeye?"

Sleyum akaacha kula. "Basi twende sote, ukaone kwa macho yako."

Taghreed akabaki kwa bibi yake, wao wakaenda.

Rahila alimtarajia mwanamke wa wanja na rangi za midomo. Aliyewafungulia mlango alikuwa bibi kizee mwenye mkongojo. Hilo halikumpoza, bibi kizee huwa na mabinti. Akazikagua picha za ukutani moja moja, akitafuta pua ya Sleyum kwenye nyuso za watoto.

Mezani ilikuwa shida nyingine. "Hiki kina nguruwe?" aliuliza kila sahani ilipotua, na mara nyingi kilikuwa nacho. Ermelinda akampikia vifuko vya unga vilivyojazwa boga, vikaogeshwa siagi. Akala, lakini polepole. Wakatembezwa mjini, wakauona mnara, na mawe yaliyochongwa watu na wanyama juu ya milango ya kanisa, na soko la jibini. Kila walipoketi, mvinyo mwekundu wenye povu ulimiminwa, na kila mara Rahila aliifunika bilauri ya mumewe kwa kiganja. Ermelinda alisema mengi, Sleyum akafasiri machache. Maneno mengine yanakwenda wapi? alijiuliza Rahila.

Siku ya tatu wakapandishwa darini. Kabla ya ngazi kwisha, harufu ikamfikia: pombe. Mbele yao palikuwa na mapipa ya mbao, yamepangwa toka kubwa hadi dogo, na kwenye kubwa limeandikwa kwa chaki jina la Taghreed.

"Kumbe umenileta kwenye ulevi," alisema. "Na jina la mwanangu juu yake."

Ermelinda akaketi kwenye sanduku, akaeleza taratibu, na safari hii Sleyum akafasiri neno kwa neno. Kule, mtoto wa kike akizaliwa, watu huanza mapipa ya siki kwa ajili yake, akiolewa huondoka nayo. "Mumeo alipopata habari za mtoto," alisema bibi, "nilimkuta jikoni analia peke yake. Ndipo nikaanza haya."

Kila mavuno Sleyum alipiga simu kuuliza siki inaendeleaje.

"Ungeniambia," alisema Rahila.

"Ningekwambia mwanao ana mapipa ya zabibu Ulaya, ungenielewa?"

Rahila akafikiri. "La. Nisingekuelewa."

Akauliza ilivyotengenezwa. Maji ya zabibu huchemshwa, yakachacha yenyewe, yakageuka makali yenyewe, yakaachwa miaka. Rahila akamkumbuka mama yake, aliyekuwa akiacha tembo la mnazi mtungini mpaka likawa siki, akisema kilichogeuka si kile tena. Akainamia pipa dogo, akanusa kwa muda mrefu. Ulevi haukuwemo. Palikuwa na ukwaju, na sukari ya halua inayoanza kuungua. Akaonja tone kwenye kidole.

"Nisamehe," alisema Sleyum.

"La siki nimekusamehe. La kunificha, bado."

Jioni hiyo alimtoa Sleyum jikoni, akamenya maboga na Ermelinda, kila mmoja akisema lugha ya kwao.

Miaka miwili baadaye zikaja habari kwamba Ermelinda amefariki. Rahila hakupika siku hiyo. Wanawake wa mtaani wakaja kumwuliza nani amekufa.

"Mtu wetu," alisema, akawasogezea tende.